Mnong'ono unaopotelea sebuleni

Kwenye skrini, mwanamke anainama kitandani na kumwambia mgonjwa jambo sikioni. Midomo inacheza, maneno hayafiki. Kwenye kochi kidole kishafika kwenye rimoti: sauti inapanda hatua tano, saba, kumi. Maneno mawili yananaswa. Ghafla picha inageuka, gari linalipuka, vioo vya kabati vinatetema, na kidole kile kile kinakimbilia kitufe cha kushusha.

"Amesemaje?"

"Sijui. Weka maandishi."

Sebule hiyo ina spika saba. Ina sabufa, yaani spika ya besi nzito, ya inchi 12, na risiva, chombo kinachokuza sauti na kuigawa kwa spika, yenye matundu ya waya mgongo mzima.

Swali limenikaa kichwani wiki kadhaa na haliondoki: inakuwaje seti iliyojengwa kwa ajili ya filamu ishindwe na sentensi moja ya mtu anayenong'ona? Majibu yanayotolewa kwa haraka ni ya kuongeza. Ongeza spika za dari. Ongeza wati. Badilisha risiva. Kadiri ninavyolichambua jambo hili ndivyo ninavyoona tunaanzia mkiani. Filamu ni watu wanaozungumza, na seti isiyotoa maneno yao haijafanya kazi yake hata ikitikisa paa.

## Sauti ya mtu huumia kwanza

Filamu huchanganywa sauti kwenye ukumbi uliopimwa. Kila spika ya mbele hurekebishwa kwa mvumo wa majaribio hadi itoe desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwenye kiti cha fundi, ikiwa na nafasi ya kufika 105 pale filamu inapolipuka. Mkondo wa besi nzito una ruhusa ya kufika 115.

Hakuna anayesikiliza hivyo nyumbani, hasa usiku. Tunashusha, mara nyingi kwa desibeli 20 hivi. Chukua mazungumzo ya desibeli 75: yanabaki 55, bado yanaeleweka. Sasa chukua mnong'ono ulio chini ya mazungumzo hayo kwa desibeli nyingine 20. Unatua kwenye 35, pale pale feni inapovuma na friji inapoguruma.

Kwa hiyo sehemu ya lawama haiko kwenye vifaa. Umbali kati ya mnong'ono na mlipuko uliwekwa makusudi kwa ajili ya ukumbi mtulivu. Risiva nyingi zina kitufe cha hali ya usiku, kinachoinua sauti hafifu na kukandamiza zenye kishindo. Kitumie bila kuona haya. Wapo wapenzi wa sauti wanaokiona kama kosa la jinai. Mimi naona kosa kubwa zaidi ni kutazama filamu nzima bila kujua nani kamwambia nani nini.

Lakini kitufe hicho hakitibu ugonjwa wa pili, ambao ni mkubwa zaidi: neno linafika kwenye sikio likiwa limechafuliwa njiani.

## Rafu inayomeza spika ya kati

Karibu mazungumzo yote ya filamu hutoka kwenye spika moja, ile ya kati. Ndiyo hiyo hiyo tunayoinunua mwisho kwa pesa zilizobaki, kisha tunaisukuma ndani ya kabati chini ya televisheni.

Ndani ya rafu, spika hiyo inafungwa pande tatu. Mawimbi yanayotoka yanagonga mbao za juu na chini kabla hayajamfikia msikilizaji, na sauti ya mwanamume inaanza kuwa na mvumo wa mtu anayezungumzia ndani ya pipa. Tiba yake haina gharama. Ivute mbele mpaka uso wake upite ukingo wa rafu kwa sentimita moja au mbili. Weka vipande vya mpira chini yake ili mtetemo usihamie kwenye mbao. Halafu inua pua yake kwa kabari ndogo hadi twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ielekee masikioni mwa aliyekaa, maana twita ikielekezwa kwenye magoti, herufi kama s, f na t ndizo zinazopotea kwanza, na bila hizo maneno yanageuka mvumo.

Pima pembe hiyo kwa macho: kaa kwenye kochi, mwenzako aweke kioo kidogo kwenye uso wa spika, kikilala sawasawa juu yake. Ukiyaona macho yako kwenye kioo, spika inakutazama.

Kuna tatizo jingine ambalo hakuna kabari inayoliondoa. Spika nyingi za kati zimelazwa: wufa, yaani spika ya sauti nzito, kushoto, twita katikati, wufa nyingine kulia. Aliyekaa katikati ya kochi yuko umbali sawa na wufa zote mbili, hana shida. Aliyekaa pembeni hayuko. Tuseme wufa hizo zimeachana sentimita 30 na mtu amekaa nyuzi 30 pembeni. Sauti ya wufa moja inasafiri sentimita 15 zaidi ya ya mwenzake. Kwenye masafa ya Hz 1,140 hivi (Hz ni mitetemo kwa sekunde), sentimita 15 ni nusu kamili ya urefu wa wimbi, kwa hiyo moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta. Zinafutana. Na hapo ni katikati ya eneo la maneno.

Ndiyo maana mtu mmoja kwenye kochi analalamika na mwingine anashangaa analalamikia nini.

Dawa iko dukani, siku ya kuchagua. Tafuta spika ya kati yenye njia tatu, ambayo katikati yake kuna spika ndogo ya sauti za kati iliyowekwa wima chini au juu ya twita, na wufa mbili za pembeni zinaachia kazi mapema, kwenye mamia ya Hz, kabla ya eneo hilo la kufutana. Kama skrini inaruhusu, spika moja ya kawaida ya kusimama, ya aina ile ile ya kushoto na kulia, ni bora kuliko nyingi zilizolazwa. Wenye projekta na kitambaa kinachopitisha sauti wana bahati hiyo: spika tatu zinazofanana, nyuma ya picha, kwa urefu mmoja.

## Je, tuiondoe kabisa?

Hapa ndipo niliposita kwa muda mrefu zaidi.

Ukiiambia risiva kwamba spika ya kati haipo, inagawa mazungumzo nusu kwa nusu kati ya kushoto na kulia, na sikio linaisikia sauti ikitoka hewani katikati. Ukiwa na spika mbili nzuri na msikilizaji mmoja anayekaa katikati kabisa, matokeo yanaweza kuishinda spika mbovu ya kati iliyozikwa kabatini. Hilo ni kweli, na wanaolisema hawakosei.

Lakini sauti ile ya hewani ina kasoro ya maumbile. Kila sikio linapokea sauti ile ile mara mbili: kwanza kutoka spika iliyo upande wake, kisha sehemu ndogo ya milisekunde baadaye kutoka spika ya upande wa pili, ikizunguka kichwa. Kuchelewa huko kunachimba shimo karibu na Hz 2,000, tena kwenye eneo la maneno. Na mtu akihama kiti kimoja tu pembeni, mzungumzaji anahama naye: picha iko katikati ya skrini, sauti imehamia kwenye spika iliyo karibu.

Uamuzi wangu ni huu. Anayetazama peke yake, na hana pesa ya spika ya kati inayostahili, aendelee na mbili nzuri hadi atakapoipata. Wakikaa watu wawili au zaidi, spika ya kati ni lazima, na ipewe pesa nyingi kuliko spika yoyote nyingine moja kwenye seti. Anayetaka kubana, abane kwenye zile za nyuma.

## Chumba nacho kinazungumza

Simama katikati ya chumba upige kofi moja kali.

Ukisikia mlio mfupi unaotetema kama chuma, una kuta mbili tupu zinazotazamana na sauti inarushwa kati yake kama mpira. Kila neno la filamu linapata mkia huo. Neno la pili linafika mkia wa neno la kwanza haujaisha.

Zulia zito kati ya kochi na spika, pazia nene lenye mikunjo na kabati la vitabu lisilopangwa kwa usawa vinafanya kazi kubwa kuliko risiva mpya. Kisha tafuta sehemu za mrejeo wa kwanza, pale sauti inapogonga ukuta mara moja kabla ya kukufikia. Kaa kwenye kiti chako, mwenzako ateleze kioo ukutani kwa usawa wa masikio, na pale utakapoiona spika ndani ya kioo ndipo pa kuweka paneli ya kufyonza sauti.

Unene ndio unaoamua. Sponji ya sentimita 2 iliyobandikwa ukutani inafyonza sauti nyembamba tu na kuacha nzito zikitamba. Chumba kinakuwa kizito na chenye giza la sauti, na mtu anaanza kulaumu spika. Paneli ya pamba ya madini yenye unene wa sentimita 10, au ya sentimita 5 iliyoachwa na nafasi ya hewa ya sentimita 5 nyuma yake, inashuka hadi kwenye sauti ya mtu. Paneli tatu nene zinashinda ukuta mzima wa sponji.

Na kochi lisigande kwenye ukuta wa nyuma. Pale ukutani besi inarundikana na mrejeo unapiga kisogo mara tu baada ya sauti yenyewe. Likisogea mbele hata kwa sentimita 60, maneno yanajitenga.

## Besi inayokaa juu ya maneno

Sabufa inapaswa kuwa msaidizi. Mara nyingi ni mvamizi.

Kila chumba kina masafa kinayoyapenda. Gawanya 343, ambayo ni mwendo wa sauti kwa mita kwa sekunde, kwa urefu wa chumba mara mbili. Chumba cha mita 5 kinapenda Hz 34, kisha 69, kisha 103. Kwenye masafa hayo kuna sehemu besi inanguruma na sehemu inatoweka kabisa. Katikati kamili ya urefu wa chumba, ile ya 34 na ile ya 103 zinatoweka, na ile ya 69 inavimba. Ndiyo maana kochi la katikati kabisa linamfanya mtu aipandishe sabufa mpaka majirani waisikie, huku yeye mwenyewe haisikii sawasawa. Kuongeza nguvu hakuzibi shimo hilo, kwa sababu wimbi linalokuja na wimbi linalorudi vinaongezeka pamoja na vinaendelea kufutana. Kinachosaidia ni kuhamisha kiti au kuhamisha sabufa. Kiti kilicho kwenye theluthi ya urefu wa chumba kutoka nyuma ni pa kuanzia.

Kwa sabufa, njia ya zamani bado haina mpinzani. Iweke juu ya kiti chako, hasa pale unapokaa. Piga muziki wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka noti moja moja. Halafu tambaa kando ya kuta, kichwa kikiwa karibu na sakafu, na usikilize. Kuna kona noti moja itakuwa nene kama uji na nyingine hazipo. Kuna mahali zote zitakuwa za kimo kimoja. Hapo ndipo sabufa inapokaa.

Mwenye nafasi ya sabufa mbili ndogo azichague badala ya moja kubwa. Zikikaa katikati ya ukuta wa mbele na katikati ya ukuta wa nyuma, zinaua baadhi ya miguno ya chumba yenyewe kabla haijaanza, na viti vyote vinapata besi inayokaribiana.

Kwenye menyu ya risiva, zitaje spika zote kuwa "ndogo", hata zile ndefu za kusimama, na weka krosova, yaani mpaka ambao chini yake besi inakwenda kwa sabufa, kwenye Hz 80. Spika ya kati ikipumzishwa kazi ya besi nzito, koni yake haiyumbi kwa kishindo wakati inajaribu kutoa neno. Kile kirungu cha krosova kilicho mgongoni mwa sabufa kizungushwe hadi mwisho, ili isichujwe mara mbili. Ukishamaliza, cheza sauti ya mwanamume anayezungumza polepole. Ukimsikia anatokea sakafuni ilipo sabufa, krosova iko juu mno au sabufa ina sauti kupita kiasi.

## Maikrofoni na makosa yake

Upimaji wa chumba unaokuja na risiva ni msaada wa kweli, lakini unafanya unachoambiwa. Weka maikrofoni kwenye stendi ya miguu mitatu, kwa urefu wa masikio, wala usiilaze juu ya mgongo wa kochi, kwani itapima mrejeo wa ngozi badala ya spika. Zima feni. Kipimo cha kwanza kiwe kwenye kiti kikuu, maana mara nyingi umbali na viwango vinatokana nacho. Vingine viwe karibu yake, nusu mita kila upande.

Baada ya hapo, kagua. Risiva nyingi zitaziita spika za mbele kubwa, zirudishe ndogo. Umbali wa sabufa utaonekana mrefu kuliko futi kamba inavyosema, na watu wengi wanausahihisha. Usiuguse. Chujio na mitambo iliyo ndani ya sabufa huchelewesha sauti, na risiva imehesabu ucheleweshaji huo kama umbali. Kama programu inaruhusu kuwekea marekebisho mpaka, yaache yafanye kazi chini ya Hz 500, ambako chumba ndicho kinachotawala, na spika nzuri iachwe na sauti yake juu ya hapo.

Mwisho, ipandishe spika ya kati kwa desibeli 2. Ukihitaji 6, kuna kitu kingine kimeharibika.

Mara nyingi kitu hicho ni waya. Waya mwekundu na mweusi vikibadilishana kwenye spika moja, sauti inakuwa nyembamba na haijulikani inatoka wapi. Tenganisha waya kwenye risiva na uguse ncha zake kwa betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, chanya kwa chanya. Koni ya wufa ikitoka nje, imefungwa sawa. Ikiingia ndani, geuza. Fanya hivyo kwa kila spika. Kuhusu unene, shaba halisi ya milimita 2.5 za mraba inatosha: hata kwa mita 10, ukinzani wa kwenda na kurudi ni kama omu 0.14, ambao si kitu mbele ya spika ya omu 8. Chunga waya wa alumini uliopakwa shaba, unaouzwa kwa jina la shaba.

## Wati zinazohitajika

Spika yenye uwezo wa desibeli 87 kwa wati moja kwa mita moja, msikilizaji akiwa mita 3, inabaki na kama 77.5 ukiuacha msaada wa kuta. Kufika kilele cha 105 inataka wati 560 hivi. Wengi wanaishia hapo na kukimbilia amplifaya kubwa. Lakini shusha sauti kwa desibeli 15 tu, na kilele kile kile kinataka wati 18.

Kila kuongeza nguvu maradufu ni desibeli 3 tu. Spika ya desibeli 90 badala ya 87 ni sawa na kuwa na amplifaya yenye nguvu mara mbili, na haichoki wala kuchemka.

## Skrini, kwa ufupi

Televisheni ya inchi 65 ina upana wa sentimita 144. Ukikaa mita 2.7 inajaza nyuzi 30 za jicho, ukikaa mita 2 inafika 40, na filamu inakuwa na ukubwa wake. Kwa macho ya kawaida, vinukta vya 4K kwenye skrini hiyo havitofautiki na vya 1080 ukivuka mita 2.6. Faida utakayoiona ukiwa mbali zaidi ni weusi ulio mweusi kweli na mwanga mkali pale unapostahili. Lipia hayo. Zima ulainishaji wa mwendo, chagua hali ya filamu, na punguza taa zinazopiga kwenye kioo.

## Midomo na neno

Kuna neno linalosikika vizuri na bado halieleweki, kwa sababu limefika kabla ya mdomo.

Televisheni huchukua muda kuchakata picha, na sauti iliyokwenda moja kwa moja kwenye risiva hutangulia. Masikio yanavumilia sauti iliyochelewa, kwa kuwa duniani sauti daima iko nyuma ya mwanga, iliyotangulia yanaikataa. Watangazaji wa Ulaya wamejiwekea mpaka: isitangulie kwa zaidi ya milisekunde 40, isichelewe kwa zaidi ya 60. Njia ya eARC, inayorudisha sauti kutoka televisheni hadi risiva kwa waya wa HDMI na iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, inabeba taarifa ya kusahihisha hilo na pia inapitisha sauti ya diski isiyopunguzwa ubora, ambayo ARC ya zamani haiwezi. Lakini vifaa viwili visipoelewana, mkono wa mtu unahitajika.

Tafuta mahali mtu anapigwa picha uso mzima, akitamka maneno yenye p, b na m, kama baba, mama, pembeni. Herufi hizo zinafunga midomo kabisa, kwa hiyo kuna kitambo kinachoonekana wazi midomo inapoachana. Ongeza ucheleweshaji wa sauti kwenye risiva kwa milisekunde 10 kila mara, hadi mlio utoke pale pale midomo inapofunguka. Andika namba hiyo kwenye karatasi pamoja na jina la tundu ulilotumia, maana kila chanzo kina ucheleweshaji wake, na hali ya michezo ya video kwenye televisheni ikiwashwa namba inabadilika tena.